Magari ya kale yamegeuka dhahabu, lakini nani atayaendesha?

WAKATI wa Pasaka mwaka wa 1971, gari dogo jekundu lenye boneti nyeusi lilipenya matope na vumbi la Afrika Mashariki na kuibuka mshindi wa mashindano ya Safari Rally. Gari hilo lilikuwa Datsun 240Z. Usukani ulikuwa mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwelekezi wake alikuwa Hans Schüller. Nafasi ya pili pia ilitwaliwa na 240Z, lililoendeshwa na kijana mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta, ambaye miaka miwili baadaye angeshinda mashindano hayo kwa gari la aina iyo hiyo.

Siku hizo, 240Z halikuwa gari la mabwanyenye. Nchini Marekani, ambako watengenezaji walilenga kuliuza kwa wingi, bei yake lilipozinduliwa ilikuwa dola 3,526. Mfanyakazi wa kawaida mwenye akiba kiasi aliweza kulinunua, akaenda nalo kazini Jumatatu na kutamba nalo barabarani Jumapili.

Januari 2020, Datsun 240Z la mwaka wa 1971 liliuzwa nchini Marekani kupitia mnada wa intaneti kwa dola 310,000, takriban Sh31 milioni kwa viwango vya wakati huo. Halikuwa gari lililoshinda Safari wala mashindano mengine yoyote. Lilikuwa gari la kawaida la dukani, ambalo sifa yake kuu ilikuwa kwamba halikuwa limetembea sana na lilibaki karibu jinsi lilivyotoka kiwandani.

Hapo ndipo penye kitendawili cha soko la magari ya kale ya spoti. Gari lililoundwa kukimbia hupanda bei kadiri linavyokimbia kidogo. Jina lake lilijengwa kwenye barabara mbovu na watu waliolitesa, lakini thamani yake leo huenda kwa mtu aliyelifungia gerejini na kulifunika turubai.

Kilele cha biashara hii kilionekana Mei 2022 mjini Stuttgart, Ujerumani. Katika mnada uliofanyika faraghani ndani ya makavazi ya Mercedes-Benz, gari aina ya 300 SLR Uhlenhaut Coupé la mwaka wa 1955 liliuzwa kwa euro milioni 135. Fedha hizo zilikuwa zaidi ya Sh16 bilioni wakati huo. Yalitengenezwa magari mawili tu ya aina hiyo, na mhandisi Rudolf Uhlenhaut, ambaye jina lake yanalibeba, alikuwa akiliendesha mojawapo katika safari zake za kikazi. Kampuni ilitangaza kwamba mapato ya mauzo hayo yangeanzisha hazina ya kuwafadhili vijana kimasomo.

Kabla ya hapo, aliyetawala orodha ya bei alikuwa Ferrari 250 GTO. Magari hayo yalitengenezwa 36 pekee kati ya mwaka wa 1962 na 1964. Mnamo 2018, mojawapo liliuzwa mnadani huko California kwa zaidi ya dola milioni 48. Mwaka wa 2023, jingine likauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 51.

Hata hivyo, si tangu jadi magari hayo yaliheshimiwa hivyo. Katika miaka ya sitini, gari la mbio lililopitwa na wakati lilikuwa chuma tu. Ferrari 250 GTO moja ilitolewa zawadi kwa shule ya upili katika jimbo la Texas, wanafunzi wajifunzie ufundi. Shule hiyo ililiuza mwaka wa 1972 kwa dola 6,500. Gari hilo baadaye lilikaa miaka mingi nje shambani katika jimbo la Ohio, likinyeshewa na kupigwa jua juu ya trela, kabla ya ulimwengu kutambua kuwa mali ilikuwa ikioza.

Ni nini basi kilichogeuza chuma kuwa dhahabu?

Sababu ya kwanza ni uchache. Kiwanda kinaweza kuunda gari jipya lenye kasi zaidi, lakini hakiwezi kuurudisha mwaka wa 1962. Idadi ya magari ya asili haiongezeki, ilhali idadi ya matajiri wanaoyatamani duniani imeongezeka, kuanzia Marekani na Ulaya hadi Japani na nchi za Ghuba.

Sababu ya pili ni fedha zisizo na pa kukaa. Baada ya msukosuko wa uchumi wa dunia wa mwaka wa 2008, viwango vya riba vilishuka mno katika nchi tajiri. Mwenye mamilioni benki alipata faida kiduchu, hivyo akatafuta mahali pengine pa kuweka mali yake. Wapo walionunua michoro, wapo walionunua mvinyo, na wapo walionunua magari. Nchini Uingereza, sheria ya kodi iliwachochea zaidi, kwani faida anayopata mtu binafsi kwa kuuza gari haitozwi kodi ya faida ya mtaji. Sheria hiyo ilitungwa kwa kuwa gari hutazamiwa kuchakaa na kupoteza thamani. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja lingefanya kinyume.

Sababu ya tatu ni kumbukumbu. Mtu hununua akiwa na miaka hamsini kile alichokitamani akiwa na miaka kumi na mitano. Ndiyo maana magari ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo wazee wa jana waliyagombania, yamepungua mvuto, huku magari ya miaka ya themanini na tisini yakipanda. Kizazi kilichokua kikitazama filamu za mbio za mitaani na kucheza michezo ya kompyuta kimeshika pesa, na kinataka Nissan Skyline GT-R. Mnamo 2023, Skyline R34 lililoendeshwa na mwigizaji Paul Walker katika filamu ya mwaka wa 2009 lilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.3.

Kuna pia mkono wa sheria. Tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, Marekani huzuia kwa jumla magari ambayo hayakuundwa kwa kufuata kanuni zake za usalama, lakini huyafungulia mlango yanapotimiza miaka 25. Skyline R34 za kwanza zilizotoka Japani mwaka wa 1999 zilianza kuingia huko kihalali mwaka wa 2024. Wafanyabiashara hawakungoja tarehe hiyo. Walikuwa wakiyanunua nchini Japani miaka kadhaa kabla na kuyahifadhi, wakihesabu miezi kama mkulima anavyohesabu siku za mavuno.

Kwa msomaji wa Kenya, sheria hiyo ina kinaya chake. Hapa nchini, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likiwa limepitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Gari linaloonekana Mombasa kuwa zee mno lisifae kushushwa bandarini, linaonekana Los Angeles kuwa changa mno. Uzee, kumbe, haupimwi kwa miaka ya chuma chenyewe bali kwa kile ambacho jamii inataka kukifanyia.

Kupanda kwa bei kumezaa utamaduni wa aina yake miongoni mwa wamiliki. Katika utamaduni huo, karatasi zina uzito sawa na injini. Mnunuzi huuliza kama nambari iliyo kwenye injini ni ile iliyoandikwa na kiwanda, kama rangi ni ya kwanza, nani alilimiliki na lini, na stakabadhi za fundi wa mwaka wa 1974 ziko wapi. Gari lenye kila jibu huweza kuuzwa maradufu ya pacha wake lisilo na majibu.

Imefikia kiwango cha uchakavu wenyewe kuuzwa. Mwaka wa 2014, takriban magari 60 yaligunduliwa katika shamba moja magharibi mwa Ufaransa, yakiwa yametelekezwa na mfanyabiashara wa uchukuzi, Roger Baillon, aliyetamani kuanzisha makavazi kisha akaishiwa. Miongoni mwake lilikuwamo Ferrari 250 GT California Spider lililowahi kuwa la mwigizaji Alain Delon, likiwa limezikwa chini ya marundo ya magazeti. Februari 2015, gari hilo liliuzwa Paris kwa zaidi ya euro milioni 16, vumbi lake likiwa bado juu yake. Wanunuzi hawakutaka lipanguswe.

Swali la uhalisi liliwahi hata kufikishwa mbele ya jaji. Mwaka wa 1990, Mahakama Kuu jijini London ilitakiwa kuamua ikiwa gari la Bentley lililojulikana kama Old Number One, lililoshinda mbio za Le Mans mwaka wa 1929 na 1930, lilikuwa gari lenyewe. Lilikuwa limeuzwa kwa mkataba wa pauni milioni 10, kisha mnunuzi akalikataa akidai si la asili. Ushahidi ulionyesha kuwa sehemu nyingi zilikuwa zimebadilishwa wakati wa mashindano na baadaye, kiasi kwamba kilichosalia cha mwaka wa 1929 kilikuwa haba. Jaji aliamua kwamba lilikuwa gari la haki, kwa sababu historia yake haikuwa imekatika.

Uamuzi huo unaeleza biashara nzima kuliko takwimu zozote. Anayelipa mamilioni hanunui bati na mpira. Jembe lililobadilishwa mpini mara tatu na ubapa mara mbili bado ni jembe la babu, maadamu halikuacha kulima. Kinachouzwa ni mwendelezo, yaani mfululizo wa mikono iliyoligusa, kulivunja na kulirekebisha.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Gari likishakuwa na bei ya nyumba tatu, mwenyewe huanza kuliogopa. Bima hupanda. Kila kilomita inayoongezeka kwenye mita hupunguza thamani, na jiwe moja linaloruka barabarani huwa hasara. Mwishowe gari huwekwa katika ghala lenye hewa inayodhibitiwa, likibadilisha wamiliki bila kubadilisha mahali.

Mafundi wanajua kwamba gari lisilotembea halipumziki, bali hufa polepole. Raba za kuzuia mafuta hukauka na kupasuka. Petroli hugeuka na kuziba mirija ya kabureta. Breki hushikana kwa kutu, na magurudumu hupoteza umbo yanapobeba uzito upande mmoja kwa miezi. Injini ya gari kama 240Z, yenye silinda sita na kabureta mbili, huhitaji mtu anayeweza kusikiliza mlio wake na kujua ni kabureta ipi inayovuta hewa kupita kiasi. Maarifa hayo hayapatikani kwa kuchomeka kompyuta. Hupokewa na mwanagenzi kutoka kwa fundi, na hupotea pasipo na magari ya kujifunzia.

Wapo wamiliki wanaokataa mkondo huo. Nick Mason, mpiga ngoma wa kundi la Pink Floyd, alinunua Ferrari 250 GTO katika miaka ya sabini kwa takriban pauni 37,000 na ameendelea kulishindanisha kwa miongo mingi, ingawa bei yake imepanda mara mia kadhaa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, nalo lilipitisha Mkataba wa Turin, unaoyahesabu magari hayo kuwa urithi wa utamaduni na kuyatambua matumizi yake kuwa sehemu ya uhifadhi wake.

Si haki, hata hivyo, kuilaumu bei kwa kila kitu. Palipokosekana bei, magari mengi yaliishia kwa wauza vyuma vikuukuu. Bei ilipopanda, ikawa na maana kumlipa fundi saa elfu moja za kunyoosha bodi moja. Viwanda navyo vilishawishika. Mwaka wa 2017, Nissan ilianza kutengeneza upya vipuri vya Skyline GT-R ya aina ya R32, jambo ambalo lisingefikirika gari hilo lingebaki kuwa mtumba wa kawaida. Pesa imeyaokoa magari. Shaka ni iwapo imewaokoa pia watu wanaoyajua.

Wala si kwamba bei hupanda milele. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988, soko lilishikwa na wazimu, na kufikia mwaka wa 1989 Ferrari 250 GTO lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola milioni 10. Uchumi wa Japani ulipoyumba na mikopo kukauka, bei zikaporomoka. Katikati ya miaka ya tisini, gari la aina hiyo liliweza kupatikana kwa chini ya theluthi moja ya bei ya kilele. Walioumia ni wale waliokopa ili wauze kesho. Waliokuwa wakiyaendesha waliendelea kuyaendesha.

Katika miaka ya karibuni pia, riba zilipopanda tangu 2022, joto lililokuwapo wakati wa janga la korona lilipoa, na magari mengi ya kiwango cha kati yakakosa wanunuzi kwa bei walizotaka wauzaji. Magari adimu kabisa hayakutikisika sana. Funzo ni lile lile la mwaka wa 1990: anayenunua kwa kuamini kuwa atakuja mwingine mwenye wazimu zaidi, siku moja hujikuta yeye ndiye wa mwisho.

Kenya ina nafasi ya pekee katika mjadala huu, japo si kwa wingi wa mamilionea. Kuanzia mwaka wa 1953, Safari Rally ilikuwa mtihani ambao viwanda vya Ulaya na Japani viliutumia kuthibitisha uimara wa magari yao. Ford Escort lilitamba mwaka wa 1972 likiwa na Hannu Mikkola. Joginder Singh aliipa Mitsubishi Lancer ushindi mwaka wa 1974 na 1976. Porsche ilijaribu na kushindwa, ikamaliza ya pili mwaka wa 1974 kupitia Björn Waldegård na tena mwaka wa 1978 kupitia Vic Preston Jr. Matope ya Kenya ni sehemu ya bei ambayo magari hayo yanavuta leo London na Tokyo.

Lakini Datsun lililoshinda mwaka wa 1971 halipo Kenya. Limehifadhiwa nchini Japani na kampuni iliyoliunda, ambayo wafanyakazi wake walilifufua mwaka wa 2013. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa lilikuwa mali ya kampuni. Hata hivyo, linakumbusha kwamba Wakenya wamebaki na hadithi huku chombo chenyewe kikiwa ng'ambo.

Kilichobaki nchini si kidogo. Tangu mwaka wa 1970, klabu ya wamiliki wa magari ya Alfa Romeo imekuwa ikiandaa mashindano ya Concours d'Elegance jijini Nairobi, ambapo magari na pikipiki za kale hukaguliwa kwa usafi na hali yake. Tangu mwaka wa 2003, mbio za East African Safari Classic zimekuwa zikiyarudisha magari ya enzi hizo kwenye vumbi lililoyapa jina. Ni katika mbio hizo ambapo Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias akiwa mwelekezi, alishinda mwaka wa 2011 kwa Porsche 911, miaka 37 baada ya kunyimwa ushindi kwa gari la kampuni iyo hiyo.

Mbio kama hizo hufanya kile ambacho ghala haliwezi kufanya. Gari huvunjika, na likivunjika lazima apatikane mtu wa kulitengeneza usiku huo huo. Kwenye gereji za Nairobi, na hata kwenye maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga, wangali wapo mafundi waliokulia mikononi mwa Datsun, Peugeot na Escort. Wanaweza kurekebisha kabureta kwa sikio na kuchonga kipuri kisichouzwa popote. Wengi wao wanazeeka, na wanagenzi wao hukutana na magari ya kisasa yanayotaka kompyuta.

Barani Ulaya, ujuzi kama huo umekuwa bidhaa adimu, na fundi anayeaminika wa magari ya kale hupanga wateja foleni. Iwapo vyuo vya kiufundi vya humu nchini vingewapa wazee hao nafasi ya kufundisha kabla hawajastaafu, Kenya ingekuwa na kitu cha kuuza katika soko hili zaidi ya mandhari ya kupigia picha. Isitoshe, familia yenye gari kuukuu lililofunikwa nyuma ya nyumba ingepata mtu wa kuiambia thamani yake kabla ya mnunuzi wa vyuma kubisha hodi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Bei za minadani zitapanda na kushuka kama zilivyopanda na kushuka hapo awali, na magari ghali zaidi yataendelea kuhama kutoka ghala moja hadi jingine. Lakini 240Z halikupata jina lake ghalani. Lilipewa jina na dereva aliyekesha, mwelekezi aliyesoma ramani gizani, na fundi aliyelala chini yake kwenye matope akiwa na spana mkononi. Huyo wa tatu ndiye ambaye hakuna mnada unaoweza kumleta tena akishaondoka.